Ipimwe

Kufa kuna namna nyingi, na Sikitu alizijua zote kwa sauti. Diski ya kompyuta iliyoanguka hugugumia. Iliyopigwa na umeme hunyamaza, huisikii hata pumzi. Ile iliyochakaa kichwa chake cha kusomea hugonga: ko, ko, ko, kama mtu aliyerudi kwake akakuta kitasa kimebadilishwa, hataki kuamini, anarudia ufunguo uleule. Hii iliyoletwa mezani kwake asubuhi hiyo ilikuwa inagonga. Juu yake kilibandikwa kikaratasi cha Msajili, mkuu wa ofisi, chenye neno moja tu, kwa wino wa kijani ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuutumia: *Ipimwe*.

Sikitu alikuwa mpimaji wa tatu katika chumba cha vipimo cha Ofisi ya Vilivyopo. Wa kwanza na wa pili hakuwahi kuwaona. Meza zao zilikuwepo, makoti yao yalikuwa yametundikwa, na chai iliyokuwa kwenye vikombe vyao ilipungua kidogo kidogo kadiri siku ilivyokwenda. Alikwishaacha kushangaa. Katika jengo lile kushangaa kulikuwa na fomu yake, na fomu zilikuwa zimekwisha.

Kazi ya Ofisi ilikuwa nyepesi kuisema. Kilichoandikwa humo kipo, kisichoandikwa hakipo. Mlima ulioandikwa uliendelea kuwepo hata baada ya kuchimbwa wote na kupakiwa kwenye malori, na watoto wa shule walipelekwa kuutazama, wakasimama mbele ya shimo wakichora kilele. Mto ambao haukuandikwa uliwapita watu kiunoni, nao walipoulizwa mbona mmelowa, walisema hata sisi tunajiuliza. Swali lilikuwa hili, na Sikitu alikuwa nalo tangu siku aliyovaa koti la kazi: kitu kipo kwa sababu kipo, au kwa sababu mwenye mhuri amekubali kwamba kipo? Na siku mwenye mhuri akiamka vibaya?

Nje, barazani, kwenye benchi lililojengewa ukutani, watu wa Bonde walikuwa wamekaa tangu alfajiri. Aliyekuwa karibu zaidi na dirisha ni Bi Mwamtumu, mwanamke mkavu, mrefu, kanga zake mbili zimefuliwa mpaka maandishi yake yametoka. Alikuwa amemwambia Sikitu shida yake kwa maneno machache, bila kulia, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mwanawe wa kiume alikuwa ng'ambo ya ua, ndani ya Nyumba ya Kungojea, pamoja na watu wengine wa Bonde waliokamatwa siku ileile. Kosa lake ni kung'oa mawe ya mipaka. Mfungwa wa nyumba ile hutolewa kwa kuitwa majina matatu, lake, la baba yake na la babu yake. Asiyeitwa mpaka adhana ya alasiri ya siku ya arobaini huhamishiwa kwa Wasiokuwepo, na huko hajarudi mtu akasema kukoje. Siku yenyewe ya arobaini ni leo. Na yeye, aliyemzaa, aliyemwogesha, aliyemwita aje kula kila jioni kwa miaka ishirini na mitatu, jina la mwanawe limemtoka. Lilikuwa ndani ya diski ile iliyokuwa inagonga. Kama halimo humo, basi halimo popote.

Lakini neno *ipimwe* lichunguzeni vizuri kwanza, maana limekula watu.

Anayepima damu anapima. Anayepima unga anapima. Anayepima ardhi anapima. Na anayepima diski, naye anapima. Lugha yetu ni ya watu wakarimu. Imewapa wote hao neno moja, kama mama aliyewapakulia wageni wanne sinia moja bila kuuliza nani kati yao amekuja na kisu. Zamani, na zamani yenyewe haijaisha, mjumbe alipita Bondeni nyumba kwa nyumba akisema kesho wapimaji wanakuja, asiende mtu shamba. Watu wakaoga. Wakavaa nguo za Ijumaa. Wakajipanga mstari mbele ya ghala la pamba, mikono ya mashati imekunjwa mpaka viwikoni, watoto wamenyimwa uji kwa sababu mtu mmoja alisema damu ya mwenye njaa ndiyo isemayo kweli. Wapimaji wakashuka na darubini yao ya miguu mitatu. Wakawaona, wakacheka. Na watu wakacheka, maana mgeni akicheka mwenyeji humpokea kicheko. Bwana wa darubini akawaomba kwa adabu wasogee kidogo, wameziba mstari wake. Wakasogea. Akawaomba tena, wakasogea tena. Jua lilipokuwa linazama walikuwa wamekwisha sogea nje ya Bonde lote, mikono bado imekunjwa, wakingoja sindano.

Nani alilipia kicheko kile? Hakuna. Yamebaki mawe ya saruji yenye namba, kila hatua thelathini, na watu waliorudi mashambani mwao kama wapangaji.

Baadaye wakaandikwa. Majina yao yote yakatiwa ndani ya diski moja, nao wakafurahi, maana walidhani kuandikwa ni kukubaliwa. Kisha wakaambiwa diski imekufa. Hapo mambo yakaanza kuteleza. Mizani ya zahanati ikawasoma sifuri, hata wajawazito. Mbwa wao wenyewe wakawabwekea, halafu wakaona hata kubweka ni kazi bure. Yakafuata majina. Likaanza la mdogo, likafuata la mkubwa, mwisho la mume. Mama alifungua kinywa kumwita mtoto akatoa pumzi tupu. Wakaanza kuitana *wewe*. Nyumba nzima ikawa *wewe*, na akiitwa mmoja wanageuka wote. Ukiwapa jina jipya lilikaa kwa muda wa kumeza mate, likatoka. Ndani ya Nyumba ya Kungojea ilikuwa hivyohivyo. Askari akiuliza, nani wewe, walijibu kwa pamoja: mimi.

Sikitu aliiweka diski ndani ya sanduku la kioo, akavaa glovu, akaifungua kwa bisibisi ndogo kama ya saa. Ndani, visahani viling'aa, safi, na uso wake ukamtazama kutoka humo ukiwa umepinda. Alikuwa hajasomea kazi hii kwa mtu. Alijifunza kwa kuua diski nyingi, mpaka zikachoka kufa mikononi mwake. Alijua kwamba kichwa cha kusomea hakigusi kisahani. Huelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko chembe ya moshi, na ndiyo maana huweza kusoma mamilioni ya maneno bila kuacha alama. Kikigusa, hukwaruza. Alikitoa kichwa kilichokufa kwa kibano, akaweka kingine kutoka diski ya toleo lilelile, akashusha kifuniko. Aliyekuwa barazani angemwona akiwa hapumui.

Diski ikazunguka. Ikagonga mara moja. Ikanyamaza, na katika ukimya huo Sikitu aliomba kwa Mungu ambaye hakuwa na uhakika kama ameandikwa. Kisha ikaanza kuimba ule wimbo wake mwembamba, na kwenye skrini mstari wa kwanza ukatokea.

Alisoma kama anavyotakiwa kusomwa mgonjwa: mara moja tu, kuanzia panapokubali, kuruka panapogoma, kurudi baadaye kwa upole. Kila alichosoma alikinakili kwenye diski nyingine, nzima. Saa ya ukutani ilikwenda mbele, ikarudi kidogo, ikaenda. Adhuhuri ilipita. Skrini ikajaa.

Sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri. Aliruka mbele theluthi nzima ya diski: sifuri. Akaenda mwisho kabisa: sifuri.

Akaacha kubonyeza, si kwa sababu hakuna kitu, bali kwa sababu ya namna ambavyo hakuna. Kifo kina fujo. Kifo humwaga, huvunja, huacha vipande vya herufi, nusu ya tarehe, jicho la picha ya mtu. Kifo hakifagii. Palipofagiliwa namna hii, pembe mpaka pembe, amepita mtu na ufagio.

Na kila diski, hata ikifa, huwa na kijitabu chake cha siri ambacho haimwonyeshi mwenyewe bali fundi tu: imewashwa mara ngapi, imepata joto kiasi gani, imefanyiwa nini na kutoka meza ipi. Akakifungua. Mwezi wa mvua, siku ya nne: jaribio kamili la kuandika. Meza ya tatu.

Alilivuta daftari lake la kazi, akarudi nyuma kurasa nyingi. Mwandiko ulikuwa wake. *Imepimwa. Ni nzima.* Na sahihi yenye mkia ule aliojifunza akiwa darasa la sita.

Sasa, haya ni mambo ambayo nje ya chumba kile hakuna aliyeyajua. Kupima diski kuna njia mbili. Kuna kupima kwa kusoma, unapita polepole ukiuliza kila mahali, bado upo? Na kuna kupima kwa kuandika: unaijaza sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho, uone kama itazishika. Njia ya pili ndiyo inayotoa mhuri wa uzima. Diski hutangazwa nzima siku ambayo haina tena kilichokuwemo. Na kikaratasi chenye neno moja, kwa desturi ya chumba, maana yake ni njia ya pili. Mwezi wa mvua alikuwa akipima arobaini kwa siku. Hakuangalia ndani. Nani huangalia ndani? Ulikuwa ukiimba wimbo gani, Sikitu, mkono ulipobonyeza? Ulikuwa unakula nini? Karanga. Ulikuwa unakula karanga. Kisha kichwa kikachakaa chenyewe, baadaye, ndani ya nyumba iliyokwisha hamwa. Diski haikufa na watu. Ilikufa ikiwa tupu.

Msajili aliingia bila kubisha hodi, maana milango yote ilikuwa imeandikwa kwa jina lake. Alikuwa mtu wa sura laini, isiyoshikika. Ukimtazama unamjua, ukigeuka humkumbuki. Akauliza kama imepimwa. Sikitu akasema ameisoma.

"Sikuuliza hilo, binti."

Sikitu akamwonyesha skrini, akamwonyesha kijitabu cha diski, akamwonyesha daftari. Akasema majina ya Bonde lote yamefutwa na mkono wake yeye, kwa kikaratasi cha Msajili.

Msajili akasoma kwa makini, akakubali kwa kichwa, kama mwalimu anayesahihisha. "Kikaratasi changu kilisema ipimwe. Kuna mahali kiliposema ifutwe?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Basi kosa ni la lugha. Si la Ofisi." Akachukua kalamu ya kijani. "Na lugha si yangu peke yangu. Hata hao walio nje wanaisema."

Akamwagiza aandike kwamba hamna kitu, ili alasiri Nyumba ya Kungojea ifagiliwe kwa utaratibu. Akatoka. Sikitu akajaribu kuukumbuka uso wake ili auchukie, akaukosa. Lile ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote: kwamba mamlaka yale hayakuwa na sura ya kutemea mate, yalikuwa na wino tu, na mikono ya watu kama yeye.

Alitoka, akaenda barazani na koti lake. Benchi zima likamgeukia. Bi Mwamtumu alisimama kwanza.

"Mwanangu, umemwona humo?"

Sikitu angeweza kusema diski imekataa. Ni maneno ya kawaida, kila fundi anayo mfukoni. Alisema, "Hayumo, mama. Hamna mtu. Niliwafuta mimi, mwezi wa mvua, nikijua napima."

Mtu mmoja alicheka kidogo, kile kicheko cha kumpokea mgeni, akakoma. Bi Mwamtumu hakulia wala hakuinua mkono. Alijifunga kanga upya kiunoni, taratibu, kama anayejiandaa kwa kazi ya shamba.

"Unaitwa nani?"

"Sikitu."

"Sikitu wa nani? Nipe yote. Wangu wote wamenitoka. Wewe nataka nife nakujua."

"Sikitu Abdala Chanzi."

"Sikitu Abdala Chanzi," mama yule akasema, akimtazama machoni, "mkono wako ule unaoandikia, ukauke."

Akageuka apate kukaa. Akameza mate. Kisha akasimama palepale, katikati ya kukaa na kutokaa, akawa kama mtu anayesikiliza tumbo lake. Akasema tena, kwa nguzo ya baraza: Sikitu Abdala Chanzi, mkono wako ukauke. Akatazama ua. Akatazama jua lililokwisha inama. Akasema mara ya tatu.

"Limekaa," alisema. Wa jirani yake akauliza nini kimekaa. "Jina la huyu mwanaharamu. Limekaa, halitoki."

Sikitu ndiye aliyeelewa kwanza, na alielewa kwa vidole kabla ya kichwa. Upendo huandika kama kichwa kinachoelea: haugusi. Unamwita mtoto asubuhi, unamwita jioni, jina linapita juu ya kila kitu bila kuacha mkwaruzo, na anayekuja na sifuri zake anaandika juu yake bila shida. Lakini kinyongo hugusa. Kinyongo hukwaruza kisahani chenyewe, na mkwaruzo haufutwi na jaribio lolote, hata ukiujaza sifuri miaka mia. Akawauliza, kwa haraka, maana muda uliobaki ulikuwa wa mtu kutawadha: nani kati yenu alimchukia mtoto wa huyu mama?

Watu wakatazamana kwa aibu, kama wameulizwa nani ameiba. Kisha macho yote yakaenda mwisho wa benchi, kwa mzee mnene aliyekaa amewapa mgongo tangu alfajiri. Huyo alikuwa Mzee Mbegu. Shamba lake na la Bi Mwamtumu yalipakana. Wapimaji walipoweka mawe, jiwe moja lilimwongezea yeye hatua sita za ardhi ya jirani, akasema ni riziki. Na kijana alipoyang'oa, aling'oa la Mbegu kwanza. Tangu jiwe lile liwekwe, mvua kumi na moja zilikuwa zimenyesha bila nyumba zile mbili kupeana hata moto. Sikitu alimwendea, akamweleza. Mzee akasema yeye amekuja kwa shida zake, kuna mjukuu wake humo ndani naye hana jina, na mambo ya watu fulani hayamhusu.

Akipigiwa magoti hatasema, na Bi Mwamtumu alimjua kuliko Sikitu. Alivuka baraza, akasimama mbele yake, akamsemesha kwa mara ya kwanza tangu mvua zile kumi na moja.

"Mbegu. Yale mawe ya wapimaji umeyalalia kama kuku mwenye mayai viza. Mbona hayaanguliwi?"

Watu wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Shingo ya mzee ikavimba.

"Ondoka mbele yangu, mwanamke."

"Siku mwanangu alipoling'oa ulilia. Ulilia mbele ya wajukuu zako, kamasi mpaka kidevuni, wakakupangusa na majani ya mgomba. Mwanaume mzima analilia saruji."

Mzee Mbegu aliinuka na kitu alichokuwa nacho kifuani kikainuka naye, kizima, hakijaliwa na kutu hata mahali pamoja. "Usinitajie mwanao. Mwanao, Kondo Salehe Mwinyigoha, mng'oa mipaka, mla jasho la wenzie, Mungu amnyime kivuli penye jua na amnyime moto penye baridi."

Kisha akaziba kinywa kwa kiganja. Lakini lilikwisha toka.

Bi Mwamtumu alikuwa ameshageuka. Alivuka ua akikimbia, kanga ya juu ikadondoka asiiokote, na midomo yake ikifanya kazi bila kupumzika. Sikitu alimsikia tangu barazani. Mama yule alikuwa hakati chochote. Aliogopa kulitenga jina na laana yake, lisije likateleza likiwa peke yake. Akaibeba yote, na jina na matusi, kama mtu anayebeba kaa la moto pamoja na jivu lake. Pale langoni askari alimwambia, jina tu, mama, jina linatosha. Hakumsikiliza. Aliingiza uso kati ya nondo akaita kwa sauti ile ya kumwita mtoto aje kula:

"Kondo Salehe Mwinyigoha, mng'oa mipaka, mla jasho la wenzie, Mungu akunyime kivuli penye jua."

Ua mzima ulisikiliza. Kisha, kutoka nyuma kabisa ya nyumba ile, sauti ya kijana, nzito, ya mtu aliyetolewa usingizini:

"Naam."

Barazani watu waliruka kama wamemwagiwa maji. Muda ulikuwa umebaki kiganja. Wakashikana kanzu, wakashikana mashuka, kila mmoja akimtafuta adui yake. Wewe ulisema mwanangu mvivu, mtukane, nakuomba mtukane. Wewe mbuzi wetu alikula mahindi yako, mchungaji wake alikuwa nani, sema, mchungaji mwenyewe. Ndoa zilizovunjika zilifukuliwa, mahari yaliyokataliwa, ngoma zilizopigwa juu ya msiba wa mwenzio. Majina yakaanza kutoka, yamejaa matope ya miaka, na Sikitu akapiga magoti sakafuni akiyaandika kwa penseli pamoja na matusi yake yote, neno kwa neno, haulizi lipi ni jina na lipi ni uchafu. Kila aliyepewa lake alikimbia langoni nalo. Mzee Mbegu alilipata la mjukuu wake kwa Bi Mwamtumu mwenyewe, aliyerudi amemshika kijana mkono, naye mama akalitoa lote, hakupunguza hata tusi.

Kulikuwa na mzee mmoja mfupi, msuka mikeka. Bondeni kote hakuna aliyewahi kugombana naye. Alimsalimu kila mtu kwa mikono miwili. Ukiwa huna, alikupa. Ukimkosea, alikuja yeye kuomba radhi. Na mwanawe, aliyekuwa bado ndani ya Nyumba ya Kungojea, alikuwa vivyo hivyo, wote walikumbuka: kijana mpole, mwenye aibu, alimfukia kila marehemu. Walimkumbuka sura. Walikumbuka alivyopiga chafya. Mzee alikwenda kwa mmoja baada ya mwingine, akawashika vidole, nao wakatazama chini, wakachimba vifua vyao kwa bidii, kwa imani, wakitafuta hata neno baya moja.

Muadhini alikuwa akikohoa kusafisha koo. Sikitu aliinua penseli akamngoja.

"Jamani," alisema yule mzee, na sauti yake ilikuwa ya adabu hata wakati ule. "Hakuna hata mmoja tuliyemkosea?"